Kodi juu ya Ada za Shule: Haki ya Serikali, Haki ya Mtoto na Amana ya Mwenye Shule

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi, walimu na wenye shule, Jangwani, Dar es Salaam)

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni Zake, na sala na salamu zimshukie Mtukufu Mtume Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote.



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo limekuwa likiulizwa na wazazi wengi tangu habari zilipofika kutoka Uingereza kwamba serikali ya huko imeanza kutoza kodi juu ya ada za shule binafsi. Swali lenyewe ni hili: je, kodi ya namna hiyo ni ya haki? Na ikiwa siku moja italetwa hapa kwetu, sisi Waislamu wenye shule na wenye watoto tuseme nini? Tumeona si vyema kungoja mpaka mvua inyeshe ndipo tuanze kutafuta makuti. Afadhali tulifikiri jambo hili sasa, wakati hakuna ugomvi wala haraka, tukapata kauli iliyo nyoofu.

Yaliyotokea kwa wengine

Kwanza tuyafahamu mambo yenyewe yalivyo. Uingereza ilianza kutoza Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, ya asilimia 20 juu ya ada za shule binafsi tarehe 1 Januari 2025. Kabla ya hapo huduma ya elimu ilikuwa imesamehewa kodi hiyo. Serikali ya chama cha Labour ilisema kwamba watoto wa shule hizo ni wachache, takriban 7 katika kila 100, na kwamba fedha zitakazopatikana zitasaidia shule za umma, pamoja na kuajiri walimu wapya 6,500. Serikali yenyewe ilikadiria kwamba hatimaye wanafunzi wapatao 37,000 watapungua katika shule binafsi kwa sababu ya kodi hiyo. Baadhi ya familia, zikiwemo za watoto wanaosoma katika shule za dini, zilikwenda Mahakama Kuu kulalamika, lakini mwezi Juni 2025 mahakama ilikataa maombi yao.

Ugiriki nayo ilijaribu jambo kama hilo mwaka 2015, wakati wa dhiki yake ya madeni, kwa kodi ya asilimia 23, kisha ikaiacha baada ya muda mfupi. Jirani zetu wa Uganda, mwaka 2014, walichukua njia nyingine: hawakutoza ada, bali waliondoa msamaha wa kodi ya mapato kwa shule zinazoendeshwa kwa ajili ya faida. Tunawaomba muishike tofauti hii, kwa sababu ndiyo ufunguo wa mazungumzo yetu yote. Kodi juu ya ada humwangukia mzazi. Kodi juu ya faida humwangukia mwenye shule.

Hali ilivyo kwetu

Ndugu zangu, katika nchi yetu Sheria ya VAT ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika Julai 2015, imeisamehe elimu itolewayo na taasisi zinazotambuliwa. Kwa hiyo ada unayoilipa haina VAT. Hali kadhalika, katika orodha ya Mamlaka ya Mapato (TRA) ya waliosamehewa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, shule binafsi zilizosajiliwa zimo. Lakini wenye shule, kupitia chama chao cha TAMONGSCO, wamekuwa wakilalamika kwa miaka mingi juu ya wingi wa kodi na tozo nyinginezo. Na ikumbukwe kwamba shule iliyoanzishwa kama kampuni ya biashara hulipa kodi ya mapato ya asilimia 30 ya faida yake kama kampuni yoyote.

Serikali nayo imewahi kutaka kuziingilia ada zenyewe. Wazo la kuweka ada elekezi kwa shule binafsi lilizungumzwa sana, na mwaka 2016 Serikali ikatangaza kuachana nalo. Mwaka huo huo wa 2016 ndipo elimu bila ada ilipofikishwa hadi kidato cha nne katika shule za Serikali, na mwaka 2022 ikafikishwa hadi kidato cha sita. Kabla ya hapo mzazi wa shule ya kutwa ya Serikali alilipa ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka na wa bweni shilingi 70,000. Hivyo leo mwenye kulipa ada ya shule ni yule tu aliyempeleka mtoto shule binafsi.

Tuihesabu kodi yenyewe

Wengi mlio hapa ni wafanyabiashara wa Kariakoo, wa mitaa ya Kongo, Narung'ombe, Mchikichi na Msimbazi. VAT mnaijua kuliko sisi. Mnaikumbuka Mei 15, 2023, maduka yalipofungwa kwa malalamiko juu ya usajili wa stoo na ukamataji wa wateja, mpaka Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kuzungumza nanyi hapo Mnazi Mmoja. Na mwezi Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Basi tuhesabu pamoja, kwa mfano tu.

Chukueni shule yenye watoto 250, kila mmoja akilipa shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Shule inakusanya shilingi milioni 300. Ikitozwa VAT ya asilimia 18 bila kubadilisha kitu, ada ya kila mtoto itakuwa shilingi 1,416,000. Lakini atasema mtu: shule ikiandikishwa katika VAT itarudishiwa ile kodi inayoilipa inaponunua saruji, madawati na vifaa vingine. Hilo ni kweli, na haifai tulifiche. Tuseme shule hiyo hununua kwa mwaka bidhaa za shilingi milioni 59 zenye VAT ndani yake. Kodi iliyomo humo ni milioni 9. Ikirudishiwa, na ikiwa mwenye shule ni mwaminifu akaipunguza katika ada, mzazi atalipa takriban shilingi 1,373,500. Nyongeza ni karibu asilimia 14 na nusu. Mwenye watoto watatu ataongeza zaidi ya shilingi 520,000 kwa mwaka.

Kwa nini marejesho ni madogo kiasi hicho? Kwa sababu gharama kubwa ya shule ni mishahara, na mishahara haina VAT ya kurudishiwa. Mwenye duka huitoa VAT aliyonunulia bidhaa katika ile aliyouzia, akabaki kulipa juu ya tofauti tu. Mwalimu hanunuliwi kwa jumla akauzwa kwa rejareja. Ndiyo maana kodi hii, ikiwekwa juu ya elimu, huwa kwa sehemu kubwa kodi juu ya kazi ya mwalimu, nayo mwalimu amekwisha kukatwa kodi katika mshahara wake.

Tena liko jambo jingine. Tangu mwaka 2023 kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kuandikishwa katika VAT kimepandishwa kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka. Kama kanuni hiyo ingetumika, shule ya mfano wetu yenye watoto 166 isingefikia kiwango, bali mtoto wa 167 angeivusha, na ada za wote zingepanda. Ni mwenye shule gani basi angefungua mlango kwa mtoto huyo? Kodi hiyo ingeziadhibu shule kwa kukua, katika jamii ambayo bado inahitaji shule.

Hoja ya wanaoitaka kodi

Lakini, ndugu wapenzi, Uislamu hauturuhusu kuipotosha hoja ya mwenzetu. Wanaoitaka kodi hii wana neno la kusikilizwa. Wao husema: mama ntilie akinunua sabuni ya kuoshea sahani analipa VAT. Fundi akinunua bati analipa. Itakuwaje tajiri amlipie mtoto wake ada ya mamilioni mengi, kwa mabwawa ya kuogelea na mabasi yenye viyoyozi, asilipe hata senti, ilhali mtoto wa mama ntilie amebanana na wenzake katika darasa la shule ya Serikali?

Swali hili ni zito, na anayelijibu kwa kejeli hakulielewa. Sisi tunalijibu hivi. Kwanza, sheria inayoandikwa kwa ajili ya tajiri mmoja humkuta pia mama mwenye genge aliyejinyima ili binti yake apate kusoma mahali penye hijabu, sala na maadili. Tajiri hataihamisha shule ya mtoto wake kwa asilimia 14. Mama huyo ataihamisha. Atakayebaki shuleni ni yule aliyekusudiwa na kodi, na atakayetoka ni yule asiyekusudiwa.

Pili, mtoto anayetoka shule binafsi haendi hewani. Anakwenda shule ya Serikali, na huko anahitaji dawati, mwalimu na ile ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka kwa wa msingi au 25,000 kwa wa sekondari. Serikali inakusanya kwa mkono mmoja na kutoa kwa mkono wa pili.

Tatu, ikiwa lengo ni kumfikia aliyefaidika, njia ipo tayari: ni kodi juu ya faida ya mwenye shule na juu ya mapato ya tajiri mwenyewe. Hiyo hatuipingi hata kidogo. Anayefanya biashara ya shule na alipe kodi ya biashara.

Wanachuoni wamesema nini

Wako miongoni mwetu wanaosema kwa wepesi kwamba katika Uislamu hakuna kodi ila zaka, basi na mambo yaishe. Wengine nao husema kila alichokitaka mtawala ni halali. Kauli zote mbili zina upungufu. Ni kweli kwamba Mtukufu Mtume (s.a.w.) aliukemea vikali ushuru wa dhuluma uliokuwa ukichukuliwa kwa wafanyabiashara, unaoitwa maks. Lakini wanachuoni wakubwa, miongoni mwao Imamu al-Ghazali na Imamu al-Shatibi, wameeleza kwamba hazina ikiwa tupu na haja ya umma ikawa ya kweli, mtawala mwadilifu aweza kuwatoza wenye uwezo kiasi cha kuiondoa haja ile. Ndani ya maneno hayo mna masharti: haja iwe ya kweli, mzigo uwekwe juu ya wenye uwezo, na fedha ziende kule kule zilikokusudiwa.

Tena ni mashuhuri katika tarehe ya Kiislamu kisa cha Sheikh Izzuddin bin Abdussalam wa Misri. Watartari walipokuwa wakija, kabla ya vita vya Ain Jalut mwaka 1260, Sultani Qutuz alitaka kuwatoza raia kwa ajili ya jeshi. Sheikh hakusema kodi ni haramu, wala hakusema ndiyo tu akakaa kimya. Aliwataka kwanza Sultani na maamiri wake watoe dhahabu na mapambo waliyokuwa nayo wao na watu wa majumbani mwao. Wakiisha kuyatoa, na mali isitoshe, ndipo waende kwa raia.

Mizani hiyo ndiyo tunayoitaka hapa. Kabla ya kwenda kwenye ada ya mtoto, mwenye kukusanya na aziangalie kwanza fedha za umma zinazopotea, ambazo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huzieleza katika taarifa zake kila mwaka.

Mizani hiyo hiyo juu yetu

Ndugu zangu, hapa ndipo mazungumzo yetu yanapokuwa machungu. Ni rahisi kumwambia Sultani atoe dhahabu yake. Je, sisi wenye shule tumeitoa yetu?

Wazee wetu wa mitaa hii walitufundisha jambo. Mwaka 1933 iliundwa hapa Dar es Salaam Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, na katika waasisi wake alikuwamo Kleist Sykes. Wazee wale, wakiwa chini ya utawala wa Mwingereza na bila ya utajiri, walijenga shule ya watoto wa Kiislamu hapa Kariakoo kwa michango na kwa kujitolea. Baadaye, mwaka 1945, ikaja East African Muslim Welfare Society, nayo ikajenga shule na misikiti mpaka ilipopigwa marufuku mwaka 1968. Mwaka 1969 sheria ya elimu ikaziweka shule za mashirika ya dini chini ya Serikali, na ilikuwa ni baada ya Sera ya Elimu ya mwaka 1995 ndipo mlango wa shule binafsi ulipofunguka kwa upana tena. Wengi wetu tuliuingia mlango huo kwa jina la wazee wale.

Jina tumelichukua. Je, na amana yao tumeichukua? Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaitambua taasisi ya hisani inayoendeleza elimu na kuipa nafuu, baada ya TRA kuridhika. Nafuu hiyo ni ya jumuiya inayofanya kazi ya hisani peke yake, si ya mtu aliyeandika neno "Islamic" katika kibao cha mlangoni. Tunajua, na nyinyi mnajua, kwamba ziko shule zinazojiita za wakfu siku ya kuomba kiwanja na siku ya kuomba msamaha wa kodi, kisha zikawa mali ya familia siku ya kugawana mapato.

Mama mmoja anayeuza vitenge alitufikia akiwa na bahasha ya karatasi. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi ya ada ya muhula, na karatasi nyingine ndogo ndogo zisizo na mhuri: mchango wa ujenzi, mchango wa mtihani, mchango wa mahafali, mchango wa ulinzi. Jumla ya michango ilikaribia nusu ya ada yenyewe. Akatuuliza: "Mashekhe, hii ya Serikali mnayoiogopa ni asilimia 18. Hii ya kwenu je, ni asilimia ngapi?" Hatukuwa na jibu. Shule hiyo hatutaitaja, kwa sababu si moja.

Tena wako walimu wanaokatwa katika mishahara yao fedha za mfuko wa hifadhi ya jamii, kisha fedha zile zisifikishwe. Mwalimu huyo akistaafu huikuta akaunti tupu. Hiyo ni dhuluma, na haipungui udhalimu kwa kuwa aliyeifanya huswali safu ya mbele. Tutasimamaje mbele ya Bunge tukaomba tusamehewe, hali mwalimu wetu mwenyewe hajapata haki yake kwetu?

Tunayoyashauri

Kwa hiyo, ndugu wapenzi, kauli yetu ni hii.

Kwanza, msamaha wa VAT juu ya ada za shule ubaki kama ulivyo. Likitokea pendekezo la kuuondoa, tulipinge kwa njia za halali. Bajeti husomwa Bungeni mwezi Juni, na Kamati ya Bunge ya Bajeti hupokea maoni ya wadau juu ya Muswada wa Sheria ya Fedha. Twende huko na hesabu mkononi, kama hii tuliyoifanya leo. Kelele hazitatufaa kitu.

Pili, kila mwenye shule achague. Ikiwa shule ni biashara, hiyo ni kazi ya halali, basi na aiite biashara na alipe kodi ya faida kwa moyo mkunjufu. Ikiwa ni wakfu au hisani, iwe na wadhamini, na mapato yake yarudi katika shule. Asiwepo mwenye kuvaa kanzu mbili.

Tatu, kila shule yetu iwasomee wazazi hesabu zake mara moja kwa mwaka: kilichoingia, mishahara, majengo na kilichobaki. Michango yote iandikwe katika karatasi moja ya ada mwanzo wa mwaka, na kila shilingi iwe na stakabadhi.

Nne, haki za walimu zilipwe na zifikishwe zinakostahili kwa wakati.

Tano, tuanzishe katika kila shule mfuko wa wanafunzi wasio na uwezo. Fukara na maskini ndio wa mwanzo kutajwa miongoni mwa makundi manane ya wanaostahili zaka, na wanachuoni wameruhusu mwanafunzi maskini kupewa. Wafanyabiashara wa Kariakoo wakizihesabu zaka zao sawasawa, watoto wengi watasoma bila kurudishwa nyumbani.

Na sita, wazazi nao watimize wajibu wao. Ada ni deni. Mwenye uwezo anayeichelewesha anamzuilia mwalimu mshahara wake.

Ndugu zangu, baada ya vita vya Badri, imepokelewa kwamba mateka waliojua kusoma na kuandika waliwekewa fidia ya kuwafundisha watoto kumi wa Madina. Umma ule ulikuwa na haja kubwa ya fedha, bali kwa mateka wale fidia ya mali iliachwa ili watoto wapate elimu. Huo ni ushahidi mbele ya Serikali, kwamba elimu ya mtoto isigeuzwe chanzo cha mapato. Na ni ushahidi huo huo mbele ya sisi wenye shule.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape viongozi wetu uadilifu, awape wazazi wetu wasaa katika riziki, awape walimu wetu subira na haki zao, na atuepushe sisi na mali ya dhuluma, kidogo chake na kingi chake. Aamin.

Wabillahi Tawfiq. Wassalamu Alaykum Warahmatullahi Wabarakatuh.